Nina mimba ya wiki tisa: je, yai linaweza kupevuka tena?

Swali: "Nina miaka 27, hii ni mimba yangu ya pili. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 3 Machi na mzunguko wangu ni wa siku 28, hauyumbi. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alirudi nyumbani tarehe 14 Machi, akaondoka tena tarehe 20. Tarehe 7 Mei nilifanya altrasaundi. Wakaandika: mimba moja, ndani ya mfuko wa uzazi, wiki 9 na siku 2, mapigo ya moyo 172, na kwenye ovari ya kulia kuna uvimbe wa maji wa sentimita 3. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Mume anahesabu kwa vidole: tangu arudi hata wiki nane hazijatimia, hii mimba ya wiki tisa imetoka wapi? Wifi naye anasema huenda nimeshika mimba mbili, moja juu ya nyingine, maana anamjua mwanamke aliyeona siku zake mpaka mimba ya miezi mitano. Nikachukua vijikaratasi vya kupima kupevuka kwa yai vilivyokuwa vimebaki kabatini. Vyote vitatu vimetoa mistari miwili iliyokolea. Nina ute mwingi unaoteleza, chini ya tumbo upande wa kulia panavuta, na juzi baada ya tendo la ndoa niliona matone ya kahawia. Yai linaweza kupevuka nikiwa na mimba? Tutumie kinga? Na kama halipevuki sasa, litarudi lini?"

Jibu: Dada, nakupa jibu fupi kwanza ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia. Hapana. Mimba ikishajishika, ovari zinaacha kupevusha mayai mpaka mimba hiyo iishe. Mistari ya vijikaratasi, ute, kuvuta kwa upande mmoja na ule uvimbe vyote vina maelezo, na maelezo hayo yako ndani ya mimba hii hii uliyo nayo. Jibu la mume wako nalo limo katika tarehe ulizoandika mwenyewe. Naanza na hilo, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi.

Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku mlipokutana. Kliniki zote, za Dar es Salaam, za Mombasa na za London, huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani siku ambayo mwanamke hana mimba na damu inamtoka. Unaonekana utaratibu wa ajabu, lakini sababu yake ni ya kawaida tu: siku damu ilipoanza mwanamke anaikumbuka, siku yai lilipotoka haioni mtu. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka wiki mbili hivi baada ya hedhi kuanza. Kwa hiyo katika zile "wiki tisa" za kwenye kadi, wiki mbili za mwanzo hazina mtoto ndani yake.

Tupige hesabu. Kutoka tarehe 3 Machi mpaka 7 Mei ni siku 65, ambazo ni wiki 9 na siku 2, sawasawa na walivyoandika. Ondoa siku 14 za mwanzo, unabaki na siku 51. Huo ndio umri wa mtoto mwenyewe tangu yai lirutubishwe: wiki 7 na siku 2. Mume wako alirudi siku 54 kabla ya altrasaundi. Yai linatarajiwa kuwa lilitoka kati ya tarehe 16 na 17 Machi, yeye akiwa ameshakaa nyumbani siku mbili au tatu, na mbegu za kiume huweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku tano. Tarehe zenu zinaingiana bila kulazimishwa.

Hapa kuna kitu kinachowapoteza wengi, na mueleze kwa utulivu. Watu hudhani mashine ya altrasaundi inaona umri halisi wa mtoto. Inachofanya ni kupima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, ambao katika umri huu ni milimita 25 hivi, kisha kutazama jedwali lililomo ndani yake. Jedwali hilo limetengenezwa kwa kuhesabu tangu hedhi ya mwisho. Maana yake zile wiki mbili mashine imeshaziongeza kabla karatasi haijachapwa. Ukizihesabu tena tangu siku mliyolala pamoja, lazima hesabu igome.

Na ukweli wote usemwe: altrasaundi haimtambui baba. Inaweza kusema tu kwamba tarehe zinalingana, tena kwa kosa la siku tano hadi saba mbele au nyuma zinapopimwa mapema namna hii. Akitaka uhakika wa damu, kuna kipimo cha vinasaba baada ya kujifungua, ambacho Tanzania kinafanywa chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila kwa tarehe hizi, sioni kilichomtia shaka zaidi ya zile wiki mbili za kwenye jedwali.

Sasa yai. Kila mwezi, kabla ya mimba, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, hutuma homoni mbili kwenda kwenye ovari. Ya kwanza, FSH, hukuza vifuko kadhaa vyenye mayai. Kimoja hutangulia vingine na kufika milimita 20 na zaidi. Ya pili, LH, hupanda ghafla, na saa 34 hadi 36 baada ya kuanza kupanda kifuko hupasuka, yai likatoka. Bila mpando huo wa LH kifuko hakipasuki. Shika hilo, ndiyo kufuli yenyewe.

Kifuko kilichopasuka hakitupwi. Kinajikunja, kinajaa mafuta na kuwa na rangi ya njano (madaktari wanakiita kwa Kilatini "mwili wa njano", na kwenye karatasi za altrasaundi utakuta herufi CL), kisha kinaanza kazi mpya ya kutengeneza homoni mbili, projesteroni na estrojeni. Projesteroni ndiyo inayoandaa ukuta wa mfuko wa uzazi upokee mimba, na ndiyo pia inayopeleka habari kwa pituitari: punguza, yai limeshatoka. Mimba isipoingia, kifuko hicho cha njano hufa baada ya siku 14 hivi, projesteroni inaanguka, ukuta unabomoka, unaona hedhi, na pituitari inaanza mzunguko mpya.

Mimba ikiingia, mambo yanageuka. Siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka, kijusi kinajishikiza kwenye ukuta na kuanza kutoa hCG, homoni ile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo. Kazi ya kwanza ya hCG ni kukizuia kifuko cha njano kisife. Projesteroni haianguki. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo la nyuma linaanza kutengeneza projesteroni yake lenyewe, na kufikia wiki ya 10 hivi limeshachukua usukani. Kwa hiyo tangu yai lilipotoka mwezi Machi mpaka siku utakayojifungua, pituitari yako haipati hata siku moja ya kuachiwa. FSH inashuka mpaka karibu haipimiki, na LH haipandi.

Kama umewahi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu au kipandikizi cha mkononi, basi njia hii unaijua. Dawa hizo zina homoni za jamii ya projesteroni, na sindano hasa hufanya kazi kwa kuizuia pituitari hivyo hivyo. Mimba yenyewe ndiyo mwalimu. Dawa zimeiga, kwa kipimo kidogo.

Vijikaratasi. Vinasoma LH kwenye mkojo, na ndiyo maana vimekudanganya. LH na hCG ni kama ndugu wa baba mmoja: kila moja imeundwa kwa vipande viwili, kipande kimoja ni kilekile kabisa kwa zote mbili, na kile kingine kinafanana sana. Kemikali iliyopakwa kwenye kijikaratasi aghalabu haina macho makali ya kuzitofautisha. Kijikaratasi cha kawaida kimetengenezwa kushtuka LH ikifika uniti 25 hivi kwa lita. Wewe katika wiki ya 9 una hCG inayohesabika kwa makumi ya maelfu. Mistari isikolee vipi? Zipo aina zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi ambazo hazitaitikia hCG, na mjamzito akijipima nazo hupata mstari mmoja, akadhani mimba imetoka. Nalo si kweli. Na usijaribu kurudia kipimo cha mimba cha mkojo kila wiki kuona kama mstari "umeongezeka": hCG ikizidi sana inaweza kukifanya kipimo kitoe mstari hafifu, ukapata hofu nyingine bure. Vijikaratasi vilivyobaki viweke mbali. Mimba iliyoonekana ina mapigo ya moyo haithibitishwi tena kwa mkojo.

Ute unaoteleza unazalishwa na estrojeni, na kabla ya mimba estrojeni hupanda sana siku za hatari, ndiyo maana wanawake wamezoea kuunganisha ute na yai. Wakati wa mimba estrojeni inapanda kuliko wakati wowote, damu nyingi inapita kwenye mlango wa kizazi, na tezi zake zinafanya kazi mchana na usiku. Ute mweupe au usio na rangi, mwepesi, usionuka, usiowasha, ni wa mimba. Kuwasha na uchafu mzito kama maziwa mgando ni fangasi. Uchafu wa kijivu wenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo, ni bakteria waliozidi ukeni. Njano au kijani pamoja na maumivu, fikiria maambukizi ya zinaa. Hayo matatu yanatibika ukiwa mjamzito, lakini kwa dawa ya kliniki. Usinunue ya kumeza dukani kwa kukisia, maana zipo dawa za fangasi za kumeza ambazo hatuzipendi katika miezi mitatu ya mwanzo na badala yake tunatoa za kuweka ukeni. Na usijisafishe ndani kwa maji ya limau, sabuni wala manukato. Juu zaidi kwenye mlango wa kizazi kuna ute mwingine mzito kama gundi ulioziba njia, na huo ndio mlinzi wako.

Sasa ule uvimbe wa sentimita 3 ambao pengine ndio uliokutisha kuliko yote. Ni kifuko cha njano nilichokieleza hapo juu, kwa uwezekano mkubwa sana. Yai lililokuwa mtoto huyu lilitoka kwenye ovari ya kulia, kifuko chake kikajaa maji kidogo, na katika umri huu wa mimba bado kipo. Ndicho kinachovuta. Ukigeuka ghafla kitandani au kibofu kikijaa utakihisi zaidi. Vingi hunywea vyenyewe kufikia wiki ya 14 hadi 16, ndiyo maana hatuvigusi. Kukiondoa mapema, kabla kondo halijashika kazi, ni kuinyima mimba projesteroni yake. Omba kitazamwe tena kwenye altrasaundi ya baadaye. Kikizidi sentimita 5, au kikionekana kina vitu vigumu ndani, daktari atataka kukifuatilia kwa karibu zaidi. Hatari yake moja ni ovari kujinyonga: maumivu makali yanayoanza ghafla, upande mmoja, pamoja na kutapika, yasiyosikia paracetamol. Hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Matone ya kahawia baada ya tendo yana maelezo ya kawaida pia. Mlango wa kizazi wa mjamzito ni laini, umejaa mishipa ya damu, na ukiguswa unaweza kuvuja kidogo. Kahawia ni damu iliyokaa, si inayochuruzika. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne huona damu kidogo katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao, hasa walioona mapigo ya moyo kwenye altrasaundi, mimba zao huendelea. Mapigo 172 katika wiki ya 9 yasikutishe. Huo ndio wakati moyo wa mtoto unapopiga kasi kuliko wakati wote wa mimba. Pumzikeni na tendo mpaka zipite siku kadhaa bila doa, kisha mnaweza kuendelea. Vaa pedi, si tamponi, ili uone kiasi kinachotoka.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uliangalie kwenye kadi yako leo: kundi la damu. Ukiwa na damu hasi, yaani A hasi, B hasi, O hasi au AB hasi, mwambie mkunga kwamba umeona damu. Kulingana na umri wa mimba na kiasi kilichotoka, anaweza kushauri sindano ya kinga ya anti-D ndani ya saa 72. Wengi tuna damu chanya, kwa hiyo uwezekano ni kwamba halikuhusu, lakini kuangalia ni sekunde moja.

Kuhusu vidonge vya projesteroni ambavyo huenda ukaandikiwa "kushikilia mimba": faida yake imeonekana hasa kwa mwanamke anayetoka damu na ambaye mimba zake za nyuma ziliwahi kuharibika. Hukusema kama liliwahi kukutokea. Kama halikuwahi, matone machache peke yake hayatoshi kukuanzishia dawa hiyo, na una haki ya kuuliza inatibu nini.

Nimrudie wifi, maana hakubuni yote. Wako kweli wanawake wanaotoka damu mara kadhaa wakiwa wajawazito, na ikitokea karibu na tarehe walizozoea, wanaihesabu kuwa hedhi. Haiwezi kuwa hedhi. Hedhi ni ukuta wa mfuko wa uzazi unaobomoka baada ya projesteroni kuanguka, na ukuta huo ndio mtoto amejishikiza. Ukibomoka, mimba haipo tena. Damu ya mjamzito hutoka kwingine: mlango wa kizazi, damu iliyojikusanya pembeni ya kondo, kidonda, maambukizi, na kwa mimba kubwa, kondo lililokaa chini na kufunika njia. Yule mwanamke anayemjua alitoka damu miezi mitano na mimba ikanusurika. Ni bahati njema, si ushahidi kwamba mayai yalikuwa yanapevuka. Yeyote anayeona "siku zake" akiwa na mimba aende akapimwe.

Mimba juu ya mimba, je? Ili itokee kwa binadamu, mambo matatu yaende kombo kwa pamoja: ovari ipevushe yai ilhali projesteroni imejaa, mbegu zipenye ute ulioziba mlango wa kizazi, na kijusi cha pili kipate pa kujishikiza kwenye ukuta uliokwisha kubadilika kwa ajili ya kile cha kwanza. Visa vilivyoripotiwa katika tiba ni vichache mno, na baadhi yake ni vya wanawake waliokuwa kwenye matibabu ya kupata mtoto, mahali ambapo homoni zinachezewa kwa dawa. Kwa wanyama ni hadithi nyingine. Sungura mwitu wa Ulaya hushika mimba ya pili kabla hajazaa ya kwanza, na farasi jike hupevusha mayai mengine akiwa na mimba changa, ili vile vifuko vya njano vimuongezee projesteroni. Sisi hatukuumbwa hivyo.

Watu hulichanganya hilo na mapacha wasiofanana. Hao hutokana na mayai mawili yaliyotoka katika mzunguko mmoja, kwa kawaida ndani ya saa 24, kabla kufuli halijafungwa. Mmoja akionekana mdogo kuliko mwenzake kwenye altrasaundi, sababu huwa ni ukuaji au kondo, si kwamba alikuja mwezi uliofuata. Na kwako swali hili limekwisha: karatasi yako imeandika mimba moja.

Kinga, basi. Kwa kuzuia mimba, hamhitaji chochote mpaka ujifungue. Vidonge, sindano na kipandikizi havina kazi sasa, usivitumie. (Kama uliwahi kumeza vidonge vya uzazi wa mpango kabla hujajua una mimba, usihesabu dhambi: havijaonekana kumdhuru mtoto.) Kondomu ni suala jingine. Maambukizi ya VVU au kaswende yakiingia katikati ya mimba yanaweza kumfikia mtoto, na kipimo ulichofanya mwezi wa tatu hakikuambii la mwezi wa saba. Msihukumiane, nendeni wote wawili kliniki mkapimwe, na kama mmoja wenu ana mashaka yoyote, tumieni kondomu na mrudie kupima baadaye. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Una muda wa kutosha. Siku hiyo watapima wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, mkojo na malaria kulingana na mahali ulipo, na watakupa madini ya chuma na asidi ya foliki. Nenda na mume, na umwombe mkunga amhesabie tarehe zile mbele yenu. Maneno yakitoka kwa mtu wa tatu mwenye kalenda mkononi hupokelewa vizuri zaidi. Tarehe yako ya makadirio, kwa njia yao ya kuongeza siku saba na miezi tisa, ni 10 Desemba.

Usingoje siku ya kliniki ukiona damu nyekundu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mabonge, maumivu yanayokuja na kuachia kama ya uchungu, homa ya nyuzi 38 na zaidi, maji yanayochuruzika bila kuzuilika, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu yanayopanda mpaka ncha ya bega. Hilo la bega hutokana na damu iliyovuja ndani ya tumbo. Kwa mwanamke ambaye bado hajafanya altrasaundi, maumivu ya upande mmoja pamoja na damu tunayachukua kuwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi mpaka ithibitike vinginevyo. Wewe mimba yako imeshaonekana iko ndani, kwa hiyo hofu hiyo kwako ni ndogo sana, ila anayesoma jibu hili akiwa na dalili kama zako na hana karatasi ya altrasaundi asijilinganishe na wewe. Maumivu madogo meza paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili, usizidishe vinane kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni ziache.

Umeuliza yai litarudi lini. Kondo likishatoka, projesteroni inaanguka ndani ya siku chache, na pituitari inaanza kuamka. Asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai mapema kama siku ya 25 baada ya kujifungua, ndiyo maana tunashauri awe na njia ya uzazi wa mpango kuanzia siku ya 21. Mimba ikiharibika ni haraka zaidi, yai laweza kutoka wiki mbili tu baadaye. Kunyonyesha kunachelewesha, na kunakinga kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, hedhi haijarudi, na anapewa maziwa ya mama tu, mchana na usiku, bila uji wala maji ya kuchemsha ya kumtuliza kiu. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyo.

Kusubiri hedhi ya kwanza irudi ndipo uanze kujikinga ni kosa linalojaza kliniki za wajawazito wenye watoto wa miezi saba mgongoni. Yai hutangulia, damu hufuata wiki mbili baadaye. Mwanamke anaweza kushika mimba bila kuiona hedhi hata mara moja tangu ajifungue. Kwa mume anayeondoka na kurudi bila ratiba, njia ya kukumbuka kila siku itakusumbua. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, na kipandikizi pia, hata kama unanyonyesha. Mwambie mkunga uamuzi wako mapema, kwenye mahudhurio ya miezi ya mwisho, auandike kwenye kadi, maana kwenye chumba cha kujifungulia hutakuwa na nafasi ya kuufikiria.